Matonge ya Brussels: saluni bado kali, liboke bado tamu, ila fremu ndo zinapaa

Naanza na nyota kabisa ili wenye haraka waishie hapa. Kusuka nywele Galerie d'Ixelles nawapa 5 kati ya 5, chakula cha mama wa nganda (kamgahawa ka Kikongo) 4 na nusu, maduka ya vyakula 4, na ule mgahawa mpya wa "Afrika ya kisasa" ambao jina silitaji nawapa 2, tena hapo moja ni ya choo kisafi. Sasa wenye muda wao tuendelee maana kuna mengi na mengine hayahusu nywele kabisa.

Kwa wasiojua, Matonge ni kamtaa kadogo tu ndani ya manispaa ya Ixelles. Unashuka metro Porte de Namur, laini ya 2 au ya 6, ukitoka juu umeshafika. Nyie wa Uholanzi na Uingereza mnaoshukia Gare du Midi ni vituo vinne bila kubadili treni, na kibao kikikuandikia Naamsepoort usishtuke ni hapo hapo, mji huu kila kitu kina majina mawili. Ukiwa pale juu kuna barabara mbili zinaachana, Chaussée d'Ixelles na ya kushoto yake Chaussée de Wavre, na katikati ya hizo mbili kuna njia ya ndani yenye paa ndo wanaita Galerie d'Ixelles, humo ndo kwenye wasusi. Vichochoro vya humo ndani wamevipa majina Inzia na Kanda-Kanda, majina ya mitaa ya Kinshasa, maana hata hilo Matonge lenyewe limetoka Kinshasa, kule wilaya ya Kalamu, ndo alikokuwa anatamba mwanamuziki Papa Wemba na wasapeur wake, wale wa kupiga pamba za kifahari.

Haya, nywele. Nilitaka rasta ndogo ndogo zile zisizoanza na fundo, ndefu mpaka kiunoni, na mimi nina nywele laini za mbele ambazo wasusi wengi wanazivuta mpaka unalia. Ukiingia pale Galerie kila mlango kuna dada anakuita, chérie njoo, mama njoo, hii ni kawaida usikasirike, tembea kwanza mpaka mwisho uone mikono ya watu. Mi huwa naangalia kichwa kinachosukwa muda huo, siangalii picha za ukutani, zile picha ni zilezile saluni zote. Nikampata dada mmoja kimya, mkono mwepesi, mistari imenyooka. Tukaelewana bei kabla sijakaa, euro 90 na nywele juu yake, akaanza.

Tulianza kwa Kifaransa changu kibovu. Akapokea simu nikamsikia anaongea Kiswahili, cha kwao cha Bukavu. Nikamjibu kwa Kiswahili, akashtuka, natoka wapi, nikamwambia Kigoma. Akamwita mwenzake wa kiti cha pili, "Kuya uone, huyu ni wa Kigoma, ni mutu wa kwetu kabisa!" Kuanzia hapo sikusuka, nilikuwa sebuleni kwa watu. Nimeletewa chai, nimeonyeshwa picha za harusi, nimeulizwa kama Kigoma dagaa bado wapo. Kilingala ndo kinatawala pale mtaani hilo sikatai, lakini ukikaza sikio Kiswahili kipo kingi tu, cha Kivu, cha Lubumbashi, cha Warundi, kwa hiyo kama Kifaransa kinakupiga chenga usiogope kwenda.

Kazi imekamilika kwa saa kama tano, haijauma, na hadi naandika hapa hakuna rasta iliyolegea. Nyota tano bila mjadala.

Ila kuna kitu nilimuuliza. Zamani kichwa kama hiki pale nilikuwa nalipa 70, sasa 90, nikasema labda nywele za pakti zimepanda. Akasema hapana, nywele ni zilezile, kilichopanda ni kiti. Kumbe wengi wao wale madada saluni sio yao. Mwenye jengo anamkodisha mtu fremu, huyo wa fremu anawakodisha wasusi viti, kila mmoja analipia kiti chake kwa wiki au kwa mwezi, na akikosa wateja wiki hiyo kiti kinalipwa vilevile. Kwa hiyo kodi ya fremu ikipanda kule juu inashuka ngazi kwa ngazi mpaka inatua kwenye kichwa changu. Nikawa nimekaa nahesabu hiyo 20 iliyoongezeka imepita mikono mingapi.

Na fremu zinapanda kwa nini, maana Galerie yenyewe haijabadilika, taa zilezile, vigae vilevile. Ukitoka nje ndo unaona. Tembea dakika chache upande wa Avenue de la Toison d'Or utakuta duka la Apple, la kwanza Ubelgiji nzima, walifungua 2015, na pembeni yake majengo mapya ya kioo yenye maduka makubwa chini na nyumba za kuishi juu. Geuka upande wa pili, dakika kama kumi kwa mguu uko Bunge la Ulaya. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliingiza nchi kumi kwa mpigo, 2007 zikaongezeka mbili, na kila nchi inakuja na wafanyakazi wake na wanasheria na watu wa kushawishi bungeni, wote hao wana mshahara mzuri na wanataka kuishi karibu na ofisi waende kwa baiskeli. Ixelles ndo hapo hapo. Shuka kidogo nyuma ya Matonge kuna kanisa la Saint-Boniface, pale kote sasa ni mikahawa ya viti nje, divai, kahawa yenye maua juu. Kwa hiyo Matonge imebanwa pande zote na watu wenye hela, na katikati imebaki na fremu ndogo ndogo za wasusi, simu, samaki wakavu na vitenge. Mwenye jengo naye ana macho.

Na kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Tunasema Matonge mtaa wa Waafrika, sawa, lakini Waafrika wengi unaowaona pale hawalali pale. Wanaishi Anderlecht, Molenbeek, Schaerbeek, wengine wanatoka Antwerp na Liège kama mimi ninavyotoka mbali, tunakuja kusuka, kununua sombe (kisamvu), kuonana, jioni tunapanda treni. Na hata maduka ya vyakula, mengi wenyewe ni Wahindi na Wapakistani, ukimuuliza bei ya makayabu, samaki wa chumvi, anakujibu kwa Kilingala safi kuliko changu. Silalamiki, bidhaa zao nzuri. Nasema tu kwamba jina ni letu, wateja ni sisi, ila kuta sio zetu na hazijawahi kuwa zetu.

Ilianzaje basi. Kipindi Kongo inakaribia uhuru wa 1960 na baada yake wanafunzi wa Kikongo walikuwa wanakuja kusoma Ubelgiji, na pale Ixelles kulikuwa na nyumba ya kuwapokea, Maison Africaine. Watu wakapazoea. Wakubwa wa Zaire nao enzi zao walikuwa wakija kutumia hela maduka ya kifahari ya upande ule wa Louise na Toison d'Or, hatua chache tu, halafu jioni wanakutana na ndugu zao baa za Porte de Namur. Biashara zikafuata wateja, muziki, vitambaa, saluni, chakula. Miaka ya 90 Zaire ikaharibika, waliokuja safari hii hawakuja na hela za kutumia, walikuja kutafuta. Ndo wakaingia kwenye hizo fremu. Baada yao wakaja Wakameruni, Waguinea, Warwanda, Warundi, watu wa Afrika Magharibi, kila mtu na kona yake.

Sasa chakula. Nilitoka saluni kichwa kizito na njaa ya hatari, nikaenda rue Longue Vie, ni kamtaa ka waenda kwa miguu nyuma ya Chaussée de Wavre, migahawa mfululizo. Yule dada wa nywele ndo alinielekeza kwa mama mmoja wa Lubumbashi, nganda ndogo, meza chache, televisheni juu, jiko unaliona. Jina la mgahawa siandiki na sababu utaiona mbele, ila ukimuuliza msusi yeyote pale Galerie mama wa Lubumbashi yuko wapi atakuonyesha.

Nikaingia nikamwamkia shikamoo mama kwa mazoea yetu, akacheka sana, kwao hiyo haipo, akasema "Jambo mwanangu, keti." Nikaagiza liboke ya samaki, sombe, na kwanga. Kwa wenzangu wa Bongo, liboke ni samaki anafungwa kwenye majani na nyanya, vitunguu, pilipili, anaiva na mvuke wake mwenyewe, hakuna mafuta mengi. Sombe ni kisamvu, ila wao wanakitwanga laini zaidi na kukipika na mawese. Kwanga ni muhogo uliochachushwa ukafungwa kwenye majani ukachemshwa, mgumu mgumu, mwanzoni unaweza kuuchukia.

Samaki alikuja kwenye majani yake, akafungua mbele yangu, harufu ile meza ya pili wakageuka. Nyama imeachia mfupa yenyewe. Pilipili pembeni, sio ya kuonyesha ni ya kweli, niliigusa kwa ncha ya kidole nikaiheshimu. Sombe ilikuwa na chumvi kidogo zaidi ya ninavyopenda, ndo nusu nyota iliyopotea. Kwanga nzuri, fresh. Makemba, zile ndizi za kukaanga, nilionja kwa jirani, tamu, zimeiva haswa. Juisi ya tangawizi wanatengeneza wenyewe inakukwangua koo vizuri. Jumla euro 22 na nikabebeshwa iliyobaki. Kwa tunaokula halali, chukua samaki na ulizia mapema, jiko moja hilo hilo linapika na nguruwe, mama mwenyewe anakwambia ukweli bila kuficha, nilimpenda kwa hilo.

Huduma ni ya taratibu. Kama una treni ya saa fulani usiende, au agiza kwa simu. Mama anapika mwenyewe na msaidizi mmoja, na kila anayepita mlangoni lazima amsalimie.

Nilipokuwa namalizia akaja akakaa. Nikamwuliza biashara vipi, akasema wateja wapo, Jumamosi mpaka wanasimama. Tatizo nyumba. "Nyumba haiko ya kwangu mwanangu, miye ninapangaka tu." Mwenye jengo wa zamani mzee walielewana miaka yote, amefariki, watoto wamerithi, na watoto wamekuja na hesabu yao mpya, kodi karibu mara mbili.

Hapa ngoja nisimame kidogo nieleze sheria maana inawahusu wengi wenu mnaoota kufungua vibiashara Ubelgiji. Nyumbani ukipanga fremu Kariakoo unajua mchezo, unatoa kilemba, unalipa kodi ya mwaka mkupuo, mwenye nyumba akiamka vibaya unahama. Huku kuna sheria ya upangaji wa biashara ya tarehe 30 Aprili 1951, na kiukweli ni sheria nzuri kwa mpangaji. Mkataba wa kawaida wa duka haupungui miaka 9. Wewe mpangaji unaweza kutoka kila baada ya miaka mitatu ukitoa taarifa ya miezi sita. Na miaka 9 ikiisha una haki ya kuomba tena, hadi mara tatu, maana yake mtu anaweza kukaa miaka 36 fremu moja. Kwenye karatasi inapendeza.

Shida iko kwenye tarehe. Ombi la kuongeza mkataba lazima ulipeleke kati ya mwezi wa 18 na wa 15 kabla mkataba haujaisha, kwa barua ya rejesta au kwa afisa wa mahakama, na barua iwe na masharti unayopendekeza na ile sentensi ya kusema kwamba mwenye nyumba asipojibu ndani ya miezi mitatu amekubali. Ukituma mapema sana haihesabiki. Ukichelewa umepoteza haki. Ukisahau ile sentensi, wakili wake atakushukuru. Ni kadirisha ka miezi mitatu ndani ya miaka 9! Sasa niambieni, mama anayekaanga samaki tangu asubuhi, mkataba umeandikwa Kifaransa cha kisheria, aliusaini miaka saba iliyopita uko kwenye droo chini ya risiti za gesi, nani anamkumbusha? Akinyamaza mwenye nyumba naye ananyamaza, hana haja ya kumfukuza mtu, anasubiri kadirisha kajifunge kenyewe.

Ndo maana mi nacheka nikisikia watu wanasema Matonge inakufa kwa sababu vijana hawapendi tena utamaduni. Utamaduni gani. Jumamosi huwezi kupita pale kwa watu. Duka lenye foleni linafungwa halafu mnasema wateja hawapo?

Huyu mama wa kwetu aliokolewa na binti yake, kasoma huku, aliona barua za mwenye jengo akashtuka akaituma rejesta ndani ya muda. Warithi wakajibu ndani ya miezi mitatu, tunakubali ila kodi hii mpya. Na hapo kuna mtego wa mwisho, usipokubaliana na masharti yao una siku 30 tu za kwenda kwa hakimu, anaitwa juge de paix, huyo ndo anashughulika na mambo ya upangaji. Binti akaenda. Kesi ipo. Ndo sababu siandiki jina la mgahawa, sitaki ukaguzi wangu wa liboke uje utokee kwenye faili la mtu.

Haya tuje kwa wale wa nyota 2. Baada ya siku hiyo nilirudi na rafiki yangu akanipeleka sehemu mpya, jirani kabisa na pale, kuta zimepakwa rangi ya udongo, mito ya viti ya kitenge, muziki wa rumba ya zamani kwa sauti ya chini, kwenye menyu wameandika hadithi ndefu kuhusu roho ya Matonge. Nikasema poa. Nikaagiza bakuli lao la makemba na samaki. Likaja bakuli kubwa chakula kidogo, vipande vya ndizi nimevihesabu ni vitano, samaki mnofu mweupe hana mfupa hana ladha, pilipili imechanganywa na mayonesi, juu wameweka majani ambayo hadi leo sijui ni ya kula au ya kutazama. Euro 24, maji mbali. Nikamuuliza mhudumu kwa wema tu, samaki wanapata wapi, makemba wanapata wapi, akasema kuna kampuni inawaletea kwa gari. Yaani upo Matonge, mlango wa pili kuna duka lina makemba ya kila rangi, lina pilipili, lina samaki, na huko hununui hata kitunguu. Hapo ndo nilipoondoa nyota. Bakuli dogo ningelisamehe.

Sio kwamba kila kipya kibaya, naomba nieleweke. Kuna kasaluni ka mabinti wawili waliozaliwa huku huku, wazazi Wakongo, unaweka miadi kwa simu, unaingia saa yako unatoka saa yako, hakuna kusubiri nusu siku, wanaosha nywele vizuri na wanajua nywele asili kuliko wale wa zamani ambao ukisema hutaki kuvutwa wanakuona unajidai. Bei iko juu kidogo ila ina maana. Nywele za pakti wananunua Chaussée de Wavre, chakula cha mchana wanaagiza kwa mama. Hao ni wapya na pia ni wa pale. Kuna na Kuumba, nyumba ya Waflemi (Wabelgiji wanaoongea Kiholanzi) na Waafrika iko rue de la Paix, jina la Kiswahili kabisa, kunakuwa na maonyesho, mazungumzo, muziki, watoto wanafundishwa ngoma. Ukiwa na muda pita. Na Galerie yenyewe ingepata mtu wa kurekebisha taa na vyoo mi ningepiga makofi, umaskini sio mapambo. Nachouliza ni wakishatengeneza taa, yule dada wa Bukavu atakuwa bado na kiti?

Kelele nazo. Niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba wanaonunua nyumba za juu siku hizi wanapiga simu polisi kwa ajili ya muziki na watu kuongea nje usiku. Mtu kanunua nyumba juu ya mtaa wa baa, kwenye tangazo waliandika mtaa mchangamfu wenye rangi zote za dunia, akahamia, mwezi wa pili rangi zinamkera. Jamani.

Maduka ya vyakula sitakaa sana. Sombe ya kuganda ipo, ya majani mabichi inakuja baadhi ya siku uliza. Mawese mazuri, unga wa muhogo mzuri, dagaa wa Tanganyika nimewaona kwenye vipakti lakini bei yake utakaa chini. Sambaza wa Kivu nao wapo. Viwavi wakavu wapo kwa wanaokula, mi napita. Angalia tarehe kwenye vipodozi, na zile krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa chini chini achana nazo, nyingine zimepigwa marufuku Ulaya na kwa sababu nzuri. Nyota moja imetoka hapo.

Kwa wageni, mkimaliza manunuzi rudini pale metro mtaona kibao cha uwanja wa Patrice Lumumba. Kilizinduliwa 30 Juni 2018, siku ya uhuru wa Kongo, baada ya wanaharakati kudai kwa miaka. Ni uwanja mdogo, wengine watasema ni njia panda tu, na uko upande wa Jiji la Brussels, siyo upande wa Ixelles ambako ndo Matonge yenyewe ilipo. Watu wanapiga picha pale kila siku. Na mwaka 2002 mchoraji Chéri Samba wa Kinshasa alichora picha kubwa sana ya mtaa huu ikatundikwa hapo Porte de Namur. Mi navipenda vitu hivi, nimepiga picha na mimi. Ila nimeanza kuona kwamba kibao na mchoro ndo vitu rahisi kutoa, havimgusi mwenye jengo hata senti, tena vinamsaidia, anakodisha kwa bei ya mtaa maarufu. Manispaa ikitaka kunifurahisha iweke mtu mmoja ofisini pale Chaussée de Wavre, anayejua Lingala na Kiswahili, kazi yake awe anawasomea watu mikataba na kuwaandikia tarehe ya rejesta kwenye kalenda. Basi. Sherehe ya Juni ya mtaa, ile Matonge en Couleurs, iendelee, tunaipenda, ngoma tutapiga.

Mengine ya haraka. Jumamosi mchana ni vurugu, nenda katikati ya wiki asubuhi utapata msusi mzuri na utapata bei. Elewana bei pamoja na nywele kabla hujakaa, sio baada, na uliza kama urefu wa kiuno ni bei ileile. Beba keshi, viti vingi havina mashine ya kadi. Gari acha nyumbani kabisa, Chaussée d'Ixelles magari binafsi yamebanwa na sehemu ya kuegesha utaitafuta mpaka rasta zifumuke. Mtoto mdogo usimlete Galerie saa tano hizo, mwachie baba yake.

Kuhusu mama wa Lubumbashi wengi mtaniuliza inbox kwa hiyo nijibu hapa hapa. Bado yupo, bado anapika, hakimu hajatoa uamuzi. Akibaki, ile nusu nyota ya chumvi naiongeza mwenyewe. Akihama nitawaandikia anwani mpya hapa, binti yake ameshaenda kuangalia fremu Anderlecht, kasema jiko ni kubwa zaidi ila mtaa mzima hakuna msusi hata mmoja.